Je, wajua kwa nini fedha za shule Uganda zilianza kufika baada ya kutangazwa gazetini?

Mwaka 1996 watafiti walizunguka shule za msingi 250 za serikali nchini Uganda wakiwa na swali la kikarani kabisa: ile ruzuku ya wanafunzi ambayo Kampala inaandika kuwa imetuma, hapa imefika kiasi gani? Wakalinganisha vitabu vya hesabu vya pande zote mbili. Kati ya 1991 na 1995 shule zilikuwa zimepokea, kwa wastani, asilimia 13 tu. Nyingi hazikuona hata senti.

Fedha zilikwama wilayani. Maofisa wa huko walizipokea, wakazielekeza kwenye shughuli nyingine. Wazazi wengi, na hata walimu, hawakujua kama kuna ruzuku ya namna hiyo, na mtu hadai deni asilolijua.

Ripoti ya tathmini kwa kawaida huzinduliwa hotelini, watu wakapata chai na sambusa, kisha ikaenda kulala kabatini. Hii haikulala. Serikali ilianza kuchapisha magazetini, yakiwemo ya lugha za kienyeji, kiasi ilichotuma kila wilaya mwezi hadi mwezi. Baadaye shule nazo zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea, kila mpita njia asome. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walioichambua habari hii, waliona pia kuwa shule zilizo karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilinufaika kuliko zilizo mbali.

Wapo waliopinga hitimisho kwamba ni gazeti lililoleta mabadiliko hayo, nami naona wana hoja. Miaka hiyohiyo elimu ya msingi ilifanywa bure, kuanzia 1997, na usimamizi wa fedha ukabadilishwa kwa njia nyingine pia. Gazeti lilisaidia, halikufanya kazi peke yake.

Tena kuna mfano wa Kenya unaotia breki. Mradi wa Uwezo ulipima watoto majumbani, kusoma na hesabu za kiwango cha darasa la pili, na mzazi akapewa matokeo palepale mlangoni. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walipofuatilia vijijini, hawakukuta mabadiliko ya maana: wazazi waliopewa matokeo hawakuifuatilia shule kuliko wasiopewa. Majibu hayo yasiyopendeza yakachapishwa mwaka 2014, jambo ambalo miradi mingi haithubutu.

Uwazi ulikuwepo kotekote, basi mbona matunda hayakufanana? Kwa maoni yangu, mzazi wa Kenya aliambiwa mwanawe hasomi, hata akapewa na mapendekezo, lakini hakuna ofisi moja ya kwenda kudai kusoma. Mwalimu mkuu wa Uganda alikuwa na kiasi, mwezi, na mlango wa kubisha.