"Sensa" ya bayosensa haihesabu kitu

Juzi hapa Dodoma mjini nimemsikia tena muuzaji wa mashine za kuchuja maji. Alichovya kalamu ya TDS, kifaa kidogo cha kupimia maji, kwenye glasi ya maji ya kisima, namba zikapanda, akasema: "Mnaona? Bayosensa inahesabu vijidudu." Mama mmoja akarudisha ndoo yake nyuma kwa hofu.

Bayosensa ni kifaa chenye sehemu mbili: kitu chenye asili ya uhai, kama kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) au kingamwili (protini ya kinga ya mwili), kinachotambua kemikali fulani, na sehemu inayogeuza utambuzi huo kuwa umeme, mwanga au rangi. Cha kwanza kilielezwa mwaka 1962 na Clark na Lyons, Marekani, kwa ajili ya kupima sukari.

Tatizo liko kwenye jina. Sisi sensa tunaijua: ya Watu na Makazi, ya mwisho 2022, makarani mlango kwa mlango. Kwa hiyo mtu akisikia "bayosensa" anaelewa kuhesabu viumbe hai, na namba zikipanda kwenye kioo anaamini. Lakini hayo ni maneno mawili tofauti. Sensa ya watu asili yake ni Kilatini censere, kukadiria. Hii ya bayosensa asili yake ni sentire, kuhisi. Yamegongana kwenye matamshi yetu tu. Ndiyo maana kwa hii ya pili napenda "kihisi", kutokana na hisi.

Na "bayo", yaani uhai kwa Kigiriki, haielezi kinachopimwa. Inaeleza kinachotambua. Kipimajoto hakigeuki bayosensa kwa kuwekwa kwapani mwa mgonjwa. Kinyume chake, kuna bayosensa za kupima mabaki ya viuatilifu kwenye maji, na sumu zile hazina uhai wowote. Chenye asili ya uhai ni kimeng'enya cha neva ambacho sumu hizo hukizuia.

Tazama kijiti cha kupimia sukari. Gusa tone la damu kwa ncha yake: damu inanyonywa yenyewe, bila pampu, kwenye mfereji mwembamba. Huko ndani kimeng'enya kinaisubiri. Ule mfereji ni mfano wa maikrofluidiki, sayansi ya kupitisha vimiminika kwenye njia nyembamba kama unywele. Hiyo ni njia tu. Si lazima iwe na bayosensa mwishoni.

Kalamu ya TDS haina kimeng'enya wala kingamwili. Inapitisha umeme majini na kukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Haijui ipi ni floraidi na ipi ni chumvi ya mezani, na bakteria haiwaoni kabisa. Kwa visima vyetu, ambavyo sabuni inagoma kutoa povu, bado ni kifaa cha maana. Ndugu muuzaji, kiite kipima chumvi, na yule mama umwambie namba ile ilikuwa ya chumvi.