Kurudisha king'amuzi katika hali ya kiwandani: kinachofutika na kinachobaki

Kurudisha king'amuzi katika hali ya kiwandani ni kukiamuru kifute kila ulichokiwekea tangu ukiwashe mara ya kwanza. Orodha ya chaneli, lugha, hata nambari ya siri ya kuwazuilia watoto vipindi, vyote huondoka. Amri yenyewe imo kwenye menyu ya mipangilio, na kazi ikianza usichomoe waya wa stima hadi kijiwashe tena.

Tangu Kenya izime matangazo ya analogi mwaka 2015, ving'amuzi vimejaa majumbani. Mtu wa Nakuru akinunua runinga mpya, king'amuzi cha zamani humpelekea shangazi yake Kisumu. Kama ni cha antena na matangazo ya bure, hakina siri zako za kuogopewa, lakini bado kifute. Mitambo ya kurushia matangazo hutumia masafa tofauti kutoka eneo moja hadi jingine, kwa hiyo orodha ya Nakuru ikifika Kisumu inaweza kuonyesha skrini tupu, na shangazi aamini ameletewa kitu kibovu. Kikifutwa, kitatafuta chaneli upya kikiwa huko huko.

Kisanduku cha Android, kile kinacholeta intaneti kwenye runinga, ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Ndani yake mna akaunti yako ya Google, historia ya YouTube, nenosiri la Wi-Fi, pengine na Netflix. Ikiwa kadi ya benki imeunganishwa na akaunti hiyo, mtu mwingine anaweza kununua filamu kwa pesa zako. Toa akaunti kwanza, chomoa flashi, kisha ufute. Ukiwa umeshampa mtu kisanduku bila kukifuta, usikate tamaa: fungua akaunti ya Google kwenye simu, tafuta orodha ya vifaa vyako, ukiondoe humo. Netflix nayo ina mahali pake pa kuondoa vifaa.

Vya kulipia, kama GOtv, DStv na StarTimes, watu wengi huvielewa vibaya. Kufuta kifaa hakugusi rekodi za kampuni. Nambari ya king'amuzi au ya kadi yake bado imeandikishwa kwa jina lako, na ujumbe wa malipo utaendelea kuja kwenye simu yako. Shangazi naye akipiga simu kuomba msaada, huenda akaulizwa jina na simu ya mwenye akaunti. Wasiliana na kampuni ukiwa na nambari hiyo mkononi, uombe akaunti ihamishiwe kwake kabla hujakipakia kwenye matatu.