Kipalenkero si Kihispania kibovu

Wapo wanaodai kuwa Kipalenkero, lugha ya San Basilio de Palenque, kijiji kilicho karibu na Cartagena nchini Kolombia, ni Kihispania kilichoharibiwa na watumwa walioshindwa kukijifunza. Si kweli hata kidogo. Msamiati mwingi ni wa Kihispania, ndiyo, lakini sarufi ina kanuni zake. Wingi huonyeshwa kwa “ma” mbele ya nomino, alama yenye asili ya Kibantu. Neno la kukanusha, “nu”, kwa kawaida huja mwishoni mwa sentensi. Ng’ombe huitwa “ngombe”!

Tena wenyeji hawa, wazao wa watumwa waliotoroka, wanazungumza Kihispania vizuri kabisa. Walishindwa kujifunza nini, basi? Dhana hiyo imeumiza: watoto walichekwa mjini, wazazi wakaacha kuwarithisha lugha. Leo lugha hiyo inafundishwa shuleni kijijini.