Bwawa lililojaa halina pa kuweka mafuriko

Kila mvua kubwa inapotabiriwa, mimi kama mhandisi wa maji huulizwa swali lilelile: bwawa lipo pale juu, mbona lisiyazuie maji? Nami huuliza: leo lina nafasi kiasi gani? Kinachopunguza mafuriko ni nafasi tupu inayoyangoja maji, hata bwawa liwe kubwa namna gani.

Mabwawa mengi yalijengwa kwa ajili ya maji ya kunywa, umwagiliaji au umeme. Mwenye bwawa la namna hiyo hulala usingizi likiwa limejaa. Anayeishi bondeni hulala usingizi likiwa nusu. Bwawa ni hilohilo.

Njia ya kuwapatanisha ni kushusha kina mapema, kabla mvua haijafika. Inasikika rahisi mpaka upige hesabu. Ukitaka kutoa mita za ujazo milioni 20 kwa siku 2, lazima zitoke takriban mita za ujazo 116 kila sekunde, usiku na mchana. Mabwawa mengi hayawezi. Utoro wa maji ya ziada, yaani njia yanamotokea bwawa likijaa, uko juu kabisa, pengine hauna milango, na bomba la chini lilipimwa kwa matumizi ya kila siku tu. Halafu kuna mto wenyewe: ukitoa kuliko unavyoweza kubeba, umeleta mafuriko kwa mkono wako. Na kama tuta linalozuia maji ni la udongo, kushusha maji kwa pupa ni hatari ninayoiogopa sana. Maji ya bwawa huuegemea mteremko wa ndani na kuushikilia. Yakiondoka ghafla, yaliyokwisha kupenya kwenye udongo hubaki humo yakiusukuma nje, na mteremko unaweza kuporomoka.

Hata hivyo inawezekana. Baada ya kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019, Japani iliamua kwamba hata mabwawa ya umeme na umwagiliaji yasaidie kupunguza mafuriko. Mwaka 2020 makubaliano yalitiwa saini mto kwa mto, pamoja na utaratibu wa kufidia hasara maji yaliyotolewa yasiporudi. Kwangu mimi fidia hiyo ina uzito kuliko saruji yoyote, kwa sababu bila hiyo mwenye bwawa ana kila sababu ya kusitasita mpaka saa zimekwisha.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Katika ziwa Mendocino, California, maji ya dhoruba ya Desemba 2012 yalitolewa kama kanuni za zamani zilivyoagiza, ili nafasi ya mafuriko ibaki wazi. Mwaka 2013 ukawa mkavu mno, na maji yale hayakurudi. Wataalamu wakaanza kujaribu kanuni zinazofuata utabiri wa mvua badala ya kalenda.

Jambo moja husahaulika sana: bwawa hupunguza kilele cha mafuriko na pia hukichelewesha. Ikiwa chini ya ukuta kuna mto mwingine unaoingia, kilele kilichocheleweshwa kinaweza kukutana na cha mto huo, na mji ulio chini ya makutano ukapata kina kikubwa kuliko kama pasingekuwa na bwawa. Ndiyo maana, kabla sijapanga ratiba ya milango, hupima kwanza maji huchukua saa ngapi kutoka ukutani hadi makutano.