Lenzi Mpya, Mawingu ya Menengai na Nyota Moja ya Kupimia

Lenzi mpya ya darubini yangu ya kutazamia nyota ilifika Jumanne kwa matatu ya kutoka Nairobi, kwenye boksi dogo kuliko la sabuni. Nilipotoka stejini nayo mkononi, mlima Menengai wote ulikuwa umeshavaa wingu jeusi, na kabla sijafika nyumbani Lanet mvua ilikuwa inapiga mabati. Sisi wapenzi wa nyota tuna utani wetu kwamba ukinunua kifaa umenunua na mawingu yake. Mwishoni mwa Machi, hapa Nakuru, utani huo hauchekeshi sana.

Mchana kazi yangu ni kupima macho na kutengeneza miwani. Nasema hivyo mapema kwa sababu tabia ya kazi hainiachi. Mtu akiniambia haoni vizuri, silaumu miwani yake kabla sijalipima jicho, na lenzi ya darubini nayo niliipokea hivyo hivyo.

Ni lenzi ya jicho, ile unayochungulia nayo, ya milimita 9, na ubavuni imechapwa kwamba uwanja wake wa kuona, yaani upana wa picha mbele ya jicho, ni digrii 66. Darubini yangu ni ya kioo, kipenyo milimita 200, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mahali mwanga unapokutana kuwa picha) milimita 1,200. Ukigawanya 1,200 kwa 9 unapata ukuzaji wa mara 133. Lenzi niliyokuwa nikiitumia ni Plössl ya milimita 10 iliyokuja na darubini. Muundo huo aliubuni Georg Simon Plössl kule Vienna mwaka 1860, na hadi leo sina ugomvi nao, ila kwa jambo moja: kwenye lenzi fupi kama hiyo, jicho linatakiwa likae kama milimita 7 tu kutoka kwenye kioo. Kope zinafagia lenzi. Ukivaa miwani kama mimi, unachungulia tundu la ufunguo.

Mvua ilipopungua nikaitoa darubini chini ya upenu. Mlinzi wa ploti akaja na tochi yake. "Daktari, leo unaangalia nini na mawingu haya?" Mimi si daktari, nimeshamwambia mara nyingi.

Nilikuwa naangalia mlingoti wa simu. Uko kilomita kadhaa kutoka kwetu, na una taa nyekundu inayowaka usiku kucha. Taa hiyo haiwi nukta safi kama nyota, lakini mambo mengi ya lenzi huhitaji tu mwanga mmoja ulio mbali katikati ya giza. Je, mrija wa lenzi unaingia kwenye shingo ya darubini bila kuchezacheza? Fokasi inafikiwa bila kuvuta shingo hadi mwisho? Nikisogeza jicho kidogo pembeni, picha inabaki au kinatokea kivuli cheusi chenye umbo la haragwe? Hapo ilifaulu. Kisha nikaisukuma taa hadi nje kidogo ya ukingo wa picha. Lenzi ambayo ndani haikupakwa weusi wa kutosha hujisaliti hapo, kwa ukungu mwekundu unaomwagika ndani ingawa taa yenyewe huioni tena. Hii yangu ilionyesha utepe mwembamba upande mmoja. Nimeusamehe.

Sikusamehe ukungu wa kweli. Baada ya mvua hewa imejaa unyevu, na joto la jicho likikutana na kioo baridi, dakika mbili zinatosha kupoteza picha yote. Usipanguse kwa shati. Iweke lenzi mfukoni mwa sweta dakika tano, iwe na joto, ndipo uirudishe.

Saa mbili na nusu mawingu yakapasuka upande wa magharibi na mkanda wa Jabari, kundi la nyota la Orion, ukatokea, nyota zake tatu zimejipanga. Ninayoitaka ni Mintaka, ile ya pembeni upande wa kaskazini. Iko karibu kabisa na ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kusini kwake kwa takriban theluthi moja ya digrii, nasi Nakuru tuko kusini mwa ikweta kwa kiasi karibu hicho hicho. Kwa hiyo inapofika juu kabisa, inapita utosini kwetu. Darubini inayokaa juu ya sahani inayozunguka, kama yangu, huchukia utosini, inakuwa kama kusukuma punda aliyegoma, lakini saa hiyo nyota ilikuwa imeshashuka vya kutosha.

Ukiiacha darubini bila kuigusa, nyota iliyo kwenye ikweta ya mbingu husogea digrii moja kila dakika nne, kwa sababu dunia inazunguka. Ukijua ilichukua sekunde ngapi kuvuka uwanja wote ikipita katikati, umejua upana wa uwanja huo, bila kutegemea maneno ya muuzaji. Digrii 66 ukizigawanya kwa ukuzaji wa 133 unapata kama nusu digrii ya anga, yaani nyota inatakiwa ivuke kwa karibu dakika mbili.

Binti yangu alishika simu ya kuhesabia. Mara ya kwanza wingu likaimeza nyota njiani. Mara ya pili nikagonga mguu wa kiti. "Baba, tulale," akasema. Mara ya tatu ilivuka yote: sekunde 113. Sekunde hizo ni digrii 0.47 za anga, na ukizidisha kwa 133 unapata digrii 63 hivi badala ya 66. Je, nimedanganywa? Si lazima. Lenzi pana huikunja picha kidogo ukingoni, kwa hiyo upana unaouona kwa jicho na upana wa anga uliomo havilingani barabara kwa kugawanya tu. Sekunde 113 nazikubali.

Kisha nikahamia Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, ambayo inapenya hata wingu jembamba. Wingu kama hilo hupunguza mwanga bila kuvuruga umbo, na usiku wa namna hiyo hewa mara nyingi hutulia. Katikati ya uwanja nyota ilikuwa nukta. Nilipoipeleka ukingoni ikatandaza mabawa kama ndege.

Sasa, kosa la nani? Kioo kikuu kina kosa lake la asili, koma: nyota huota mkia unaoelekea nje ya uwanja, na ukizungusha fokasi mbele na nyuma mkia haugeuki. Astigmatizimu ya lenzi, kasoro ya kuivuta nukta iwe mstari, inageuka: ukiwa upande huu wa fokasi nyota ni mstari wa kulala, upande ule ni mstari wa kusimama. Mabawa yangu yaligeuka. Basi ni lenzi. Lakini jicho langu nalo lina astigmatizimu, ndiyo maana navaa miwani, kwa hiyo nikainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Kama kosa ni la jicho, mistari huzunguka pamoja na kichwa, na huonekana hata katikati. Haikuzunguka. Tena kwa lenzi hii mwanga unaotoka ni mwembamba wa milimita 1.5 tu, na unapita sehemu ndogo ya jicho isiyo na kasoro ya kuonekana. Kwa lenzi yangu ya milimita 25 mwanga huo una upana wa zaidi ya milimita 4, na hapo bila miwani kila nyota ina pembe.

Uamuzi wangu: katikati sijaona tofauti na Plössl ya zamani. Nimelipia nafasi ya miwani na uwanja mpana, na robo ya nje ya uwanja huo ni ya kutafutia nyota tu, si ya kuitazama.

Saa tatu na robo anga ikafunga tena. Nikaielekeza tena darubini kwenye mlingoti na kumpa mlinzi kiti. Alitazama kimya kwa muda.

"Daktari," akasema, "huu mlingoti mbona umening'inia kutoka juu?"