Kunyanyua ATV: maneno ya kijiweni na mambo yenyewe

Mpwa wangu ni bodaboda wa Igoma, hapa Mwanza, na kwa tairi mbili kijana yule simwezi. Anaweza kutoka kijiweni hadi kona ya pili tairi la mbele likiwa hewani. Basi siku alipoikuta nyumbani ATV yangu ya michezo, ile pikipiki ya matairi manne, aliizunguka mara moja tu, akasema: "Mjomba, hii si rahisi zaidi? Ina matairi manne, itaangukaje?"

Akajaribu kuinyanyua mbele kama boda yake. Haikupita saa moja, alikuwa amekaa kwenye mchanga anajipukuta, mashine imelala chali pembeni yake, injini imezimika. Hakuumia, namshukuru Mungu. Ila karibu kila kosa alilofanya lilikuwa ni somo alilotoka nalo kijiweni, na maneno hayo hayo nimeyasikia Buhongwa na Kisesa, tena kwa watu wazima wenye mashine zao.

"Matairi manne haianguki"

Ukishanyanyua mbele unabaki na mawili. Kwa pembeni kweli umepata nafuu kuliko mwenye boda. Kwa nyuma hakuna kinachokushika, na hapo ndipo boda na ATV zinapoachana kabisa. Boda ikikuzidi unaachia usukani, unashukia nyuma kwa miguu yako, yenyewe inatangulia kuteleza huko mbele. Kwenye ATV matairi ya nyuma ni mapana na yako nyuma tu ya visigino vyako, kulia na kushoto. Ukishusha mguu kutafuta ardhi, tairi linaukamata, linaupanda na kukuvuta chini.

Mimi lilinikuta Malimbe, nikiwa nimevaa ndala. Ndiyo, ndala. Nilichechemea wiki tatu, na tangu hapo sinyanyui bila buti na bila yale mabomba yenye wavu yanayofungwa kati ya kikanyagio na tairi la nyuma. Kama mashine yako ilikuja bila hayo, fundi mzuri wa kuchomelea atakutengenezea. Ukumbuke pia uzito: Yamaha Raptor 700R ikiwa na mafuta ina kama kilo 190, karibu mifuko minne ya saruji. Hiyo ndiyo itakayokujia kifuani ikipinduka kinyumenyume.

"Ukiona imezidi, achia resi"

Hili ndilo lililomwangusha mpwa wangu. Kuachia resi kunasaidia ikiwa pua bado iko chini ya ile sehemu ambapo mashine inajibeba yenyewe. Ikishapita hapo, uzito wote umehamia nyuma yako, na kuachia resi peke yake kunaweza kuwa kumechelewa. Yeye alifanya na kosa la pili: alikamata klachi. Ukishika klachi, injini haivuti tena na pia haishikilii tairi. Umebaki wewe na uzito wa mashine, na uzito unajua njia moja tu.

Dawa iko kwenye mguu wa kulia, breki ya nyuma. Tairi la nyuma likikamatwa ghafla, ule mzunguko wake unahamia kwenye fremu na pua inadondoka. Hata ukiwa umepita sehemu ya kujibeba kidogo, breki inaweza kukurudisha. Breki ya mkono wa kulia ni ya mbele, na matairi ya mbele yako hewani. Kuikamata ni kusimamisha upepo.

Kwa hiyo kabla ya kujifunza kupanda, jifunze kushuka. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea haraka, nyanyua kiasi cha kiganja tu, gonga breki, shuka. Rudia. Rudia mpaka mguu ufanye wenyewe bila kukuuliza, kwa sababu siku ya hatari hutapata muda wa kufikiri. Ukishazoea, hamia gia ya pili. Ya kwanza inarusha kwa pupa na inaishiwa haraka, ya pili inanyanyua kwa utulivu na inakupa nafasi ya kupima resi kwa kidole gumba.

Wenye zile ndogo za otomatiki wasinisikilize mpaka wakague kwanza: nyingi breki zake ziko mikononi, hazina ya mguu. Ile ya kufugia ng'ombe na kubebea magunia, yenye mkanda badala ya klachi ya mkono, nayo ni mnyama mwingine.

"Vuta usukani kwa nguvu"

Mtu mzima anavuta usukani kama anavuta ng'ombe aliyekwama topeni. Mikono haina kazi hiyo. Sogea nyuma ya kiti, nyoosha mikono, acha mwili uelemee nyuma, kisha ongeza resi wakati shokapu za mbele zinarudi juu baada ya kubonyea. Pua inakuja yenyewe. Ukivuta kwa mabega unavuta kwa upande mmoja zaidi, na mashine inaanza kwenda mshazari hata kabla hujafurahi.

Kuna wanaong'oa ile resi ya kidole gumba na kuweka ya kusokota kama ya boda. Sijawahi kuwaelewa. Ukirudi nyuma ghafla, mkono unaovutwa unaisokota resi ya boda na kuizidisha, wakati ambao ndio hasa unaitaka ipungue. Kidole gumba kinachoka, kweli, lakini hakikusaliti namna hiyo.

"Upepo ni upepo tu, jaza"

Boda huhitaji kama PSI 30. Tairi za ATV ya michezo kwa kawaida ni PSI 4 hadi 5, na geji nyingi za vijiwe vya pancha hata hazisomi vizuri chini hivyo. Kijana anajaza mpaka tairi linalia kama ngoma, halafu analalamika kwamba mashine inadunda na inateleza.

Tena ikiwa kushoto kuna upepo zaidi ya kulia, hapo una tatizo lingine. Ekseli ya nyuma ya hizi za michezo ni chuma kimoja, haina difu, kwa hiyo matairi yote mawili yanazunguka sawasawa. Lililonywea ni dogo, linapiga hatua fupi, na mashine inavuta upande wake. Matairi yote yakiwa chini huoni, ila ukiwa umenyanyua, usukani hauna msaada wowote, na unabaki kujirekebisha kwa kiuno. Nunua geji ndogo ya upepo mdogo, uiweke mfukoni.

"Bila CC nyingi hainyanyuki"

250 inanyanyuka, ukikaa panapostahili. Ila watu wa Mwanza tuna kisingizio kimoja halali. Uso wa ziwa letu uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Injini inapumua hewa hiyo hiyo, kwa hiyo mashine iliyotoka Dar es Salaam ikifika hapa imepoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake. Ya kabureta inazidi kulegea kwa sababu jeti, kile kitundu kinachopimia petroli, iliyopangiwa pwani inamimina petroli nyingi kwa hewa chache; moshi mweusi na plagi nyeusi vitakuambia. Badilisha jeti kabla hujashawishika kubadilisha mashine.

"Ufukwe hauna mwenyewe"

Una wenyewe. Mchanga ule mama zetu wanaanikia dagaa, na vumbi la tairi moja linatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu na zile zinazoharibu mazingira. Na mawe yetu haya yanayolipatia jiji jina lake la utani, Rock City, mengine yamefukiwa nusu. Unashukia juu yake matairi ya mbele yakiwa yamepinda, tairodi, kile chuma kinachounga tairi na usukani, inakunjika.

Mimi napenda uwanda wa luseni, yaani udongo wa kichanga, uliokwisha vunwa, kule ndani, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mchanga wake ni laini kiasi. Mbuga ya udongo mweusi ikikauka inaonekana tambarare kwa mbali, kumbe kwato za ng'ombe zimeacha mashimo magumu kama saruji. Kanyaga kwa miguu kwanza, kote utakakopita.

Kofia ngumu sitaijadili. Mwenye hoja ya kutoivaa akabishane na mwingine.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alirudi, safari hii amevaa buti za mvua na ana kofia ya kazini. Alifanya zile kugonga na kushuka kwa kama nusu saa, hakupandisha zaidi ya magoti, kisha akasimama na kuniita.

"Mjomba, soli ya hili buti ni nene. Nikiweka kisigino, vidole vinakuwa vimeshaikanyaga breki. Haiwezi kushushwa kidogo?"

Nikaenda kutafuta spana namba kumi.