Kijiti cha manyoya: ukavu umejificha ndani ya ukuni

"Mwalimu, kwani tukimwagia mafuta ya taa si kazi imeisha?"

Swali hilo nalipata kila darasa, na siku hizi nimeacha kulijibu kwa mdomo. Namkabidhi muulizaji kikombe cha mafuta, kiberiti, na kuni zilizolala nje usiku mzima wa masika, halafu naenda zangu kunywa chai. Nikirudi namkuta amechutama, macho mekundu, kuni nyeusi kwa nje na zinatoa povu kwenye ncha kama zinatema mate. Mafuta yameungua yenyewe. Kuni hazikuhusika.

Ugomvi ni wa maji. Kuyageuza maji yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke kunakula joto zaidi ya mara 6 ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa bomba hadi yakachemka. Ukuni uliolowa hulipa deni hilo kwanza. Ukishakauka ndipo unapopanda joto, na gesi inayowaka haianzi kutoka kwa wingi mpaka mti ufike nyuzi joto 250 hadi 300 hivi. Mafuta ya taa yana mwali mrefu na maisha mafupi. Yanazimika deni likiwa halijalipwa hata nusu. Mfuko wa plastiki, uliokuwa kiwashio cha nyumba nyingi hapa Moshi kabla haujapigwa marufuku Juni 2019, una tabia hiyo hiyo na sumu juu yake. Sasa naona watu wamehamia kwenye kipande cha ndara. Sisemi kitu, lakini ugali wenu unanuka.

Nilikuwa mpishi wa safari za mlimani kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha vijana wanaotaka kuongoza safari za miguu. Darasa langu ni uwanja wa nyuma ya nyumba, Kibosho, ambako mvua za Machi hadi Mei hazina adabu hata kidogo. Vitabu vya kigeni vya kambini vinakushauri utafute gome la mti uitwao birch, linalowaka hata likiwa na unyevu. Kibosho birch hakuna. Tuna majani makavu ya mgomba, ambayo kiangazi yanashika moto kabla hujamaliza kusema moto, lakini masika yananing'inia mgombani kama nguo zilizosahaulika kambani. Kikavu kilichobaki shambani kiko sehemu moja tu: ndani ya ukuni wenyewe. Mvua ya siku tatu inalowesha gome na sehemu ndogo ya juu ya mti uliokufa ukiwa umesimama, na moyo wake unabaki mkavu. Kazi ni kuufikia moyo huo na kuukata uwe mwembamba kiasi kwamba njiti moja ya kiberiti inatosha kuupasha.

Ndiyo maana ya kijiti cha manyoya. Unachukua kijiti kikavu, unakichonga maranda marefu, membamba, yanayojikunja, ila huyaachilii yadondoke. Yanabaki yameshikana na kijiti upande wa chini, yamejaa kama mkia. Vijana wangu wanakiita jogoo, na jina limenishinda nguvu, kwa hiyo nami nitaandika jogoo.

Tuanze na mti. Usikate mti mbichi. Karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Tafuta tawi lililokufa na bado liko juu, au lililoangukia juu ya mengine bila kugusa ardhi. Livunje: likilia "tak!" ni jema, likipinda na kuchanika nyuzi liache. Ukishalipasua, weka upande wa ndani kwenye mdomo wa juu. Mti wenye unyevu utauhisi wa baridi, mkavu hutahisi chochote. Mdomo haudanganyi kama vidole vilivyokwisha kufa ganzi kwa baridi.

Kwa jogoo, msaipresi ndio nisingependa kuukosa: laini, nyuzi zimenyooka, unachongeka kama sabuni. Paini ya mashamba ya West Kilimanjaro ni nzuri pia, na ukipata kisiki chenye utomvu umepata hazina, maana maranda yake yanawaka hata yakiwa yameguswa na mvua. Mgrevilea, ule mti wa kivuli cha kahawa uliotoka Australia, unafaa ukichagua kipande kisicho na fundo. Mkahawa wenyewe uache kwa ajili ya makaa. Ni mgumu, utakuchosha mkono bure. Mkaratusi nyuzi zake zinapindana, maranda yanakatika njiani. Na mnyaa wa uzio usiuguse kabisa, maziwa yake yakiingia jichoni utatafuta hospitali badala ya moto.

Kipande kiwe na urefu wa sentimita 30 hadi 40. Kipasue katikati, kisha mara mbili tena, mpaka upate kijiti chenye pembe, unene wa kidole gumba. Kama huna shoka, weka kisu juu ya kichwa cha ukuni na ugonge mgongo wake kwa gongo, ncha ikiwa imechomoza upande wa pili ili uwe na pa kugonga kisu kikishazama. Gome lote litoke. Gome ndilo lililobeba mvua.

Sasa kisu. Hapa ndipo wengi wanapofeli kabla hawajaanza. Wanakuja na kisu cha jikoni kilichokata nyama ya mwaka mzima, wanabonyeza kwa nguvu zote, maranda yanaruka kama vibanzi vya fundi mwenye hasira, jogoo ananyonyolewa akiwa hai. Kisu butu hakikati nyuzi, kinazisukuma. Changu kilifuliwa kutoka springi ya gari na wafua chuma wa Mamba, kule upande wa Marangu, na kinaingia kwenye jiwe la kunolea kabla ya kila darasa: upande mmoja, upande wa pili, pembe ileile bila kuyumba, kisha nakipitisha nyuma nyuma kwenye mkanda wa ngozi. Kikinyoa nywele za mkono bila kukwaruza, tayari. Visu vyembamba vya Mora vya Sweden ambavyo wageni huja navyo pia ni vizuri mno kwa kazi hii, kwa sababu ubapa wa makali yake ni mpana na umenyooka. Unaulaza tu juu ya mti na wenyewe unakuonyesha pembe.

Simamisha kijiti juu ya gogo, ncha ya chini imekaa imara, wewe umepiga goti pembeni. Paja lisiwe njiani hata mara moja. Kuna mshipa mkubwa wa damu pale, na kutoka kambi ya nyikani hadi kwa daktari ni mbali. Nyoosha mkono unaoshika kisu, funga kiwiko na kifundo cha mkono, kisha shusha bega. Mwili ndio unaochonga. Mkono umebeba kisu tu. Kijana mmoja mwenye misuli ya kubeba magunia alihangaika saa nzima, na dada mmoja mwembamba aliyekuja na sketi ya kanisani akatoa manyoya kwa pigo la tatu, kwa sababu hakuwa na nguvu za kumdanganya.

Laza makali karibu yalale kabisa kwenye pembe ya kijiti. Shuka taratibu kutoka juu hadi vidole vitatu kutoka chini, kisha simama. Usimalizie. Randa la kwanza litakuwa nene, si neno. Pigo hilo limeacha kibaraza bapa chenye kingo mbili mpya, kulia na kushoto. Zungusha kijiti kidogo na ufuate ukingo mmoja, halafu mwingine. Ukingo ni mwembamba, kwa hiyo unyoya unaotoka ni mwembamba na unajikunja wenyewe. Kila unyoya uishie juu kidogo ya uliotangulia, la sivyo utakata shina la wenzake. Ukiona yanajikunja yote upande mmoja, shusha au inua ncha ya kisu kidogo na yatabadili mwelekeo. Unyoya mzuri ukiuinua kwenye jua unapitisha mwanga. Ukianza kupata vumbi na vipande, simama, noa tena. Tatizo halijawahi kuwa mti, au mara chache sana.

Mmoja hatoshi. Chonga watatu au wanne. Chini weka vijiti viwili vitatu sambamba ili jogoo wasilale kwenye tope, kisha waegemeze juu ya ukuni mmoja mnene, manyoya yakitazama chini na upande unakotoka upepo. Njiti iingie chini kabisa ya manyoya, kwa sababu mwali unapanda. Watu wanawasha kwa juu, wanashangaa. Yakishika, ongeza vijiti vya unene wa penseli, halafu vya kidole, halafu kuni. Shina la jogoo lenyewe, lile ulilokuwa unalishika, litawaka baadaye kidogo na ndilo linalobeba moto kutoka kwenye maranda hadi kwenye kuni. Ndiyo sababu hatuyaachi maranda yadondoke tukayarundika tu.

Anayetumia fimbo ya cheche, ile inayokwanguliwa kwa kisu, badala ya kiberiti achonge membamba zaidi na akwangue unga kidogo wa paini yenye utomvu mahali cheche zitakapotua. Na anayetaka kupekecha kwa ulindi na ulimbombo kama wazee, jogoo watamngoja, ila aje na subira yake.

Jambo moja silifanyii mzaha. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro moto wa kuni hauruhusiwi. Wapishi wanapika kwa gesi, nami nilipika kwa gesi. Aliyeuona mlima ukiungua Oktoba 2020, kilomita za mraba zipatazo 95, na ukaungua tena Oktoba 2022, hahitaji kuelezwa zaidi. Ninachofundisha ni cha kambi za nyikani palipo na ruhusa, na cha nyumbani gesi inapokata roho Jumapili asubuhi.

Huwa nachonga jogoo wa akiba na kuwapanga darini, juu ya jiko, ambako moshi unawakausha. Wiki iliyopita nilipanda kuchukua watano wa darasa nikakuta mmoja. Nikamuuliza mama. "Vile viberiti virefu?" akasema. "Naviwashia mkaa. Mbona ulikuwa unavificha?" Nimemchongea wengine kumi, na yeye ameshaongea na jirani kuhusu msaipresi wake wa uzio uliokauka.